Palipokuwa Peupe

Kila vuli mama jirani huloweka gunia la kuvumwani nyeupe, inayotanda ardhini kama zulia, chakula cha kulungu wa kufugwa wakati wa theluji, maana ikikauka husagika. Kisha huitawanya msituni ili iote upya, kwa vidole vilivyopinda, kama anayetia chumvi mchuzini. Leo Máhtte, mchuuzi wa nyama, alimkuta akimfukuza kulungu wake mkongwe kwa kofia: “Toka, mlafi we, hapa bado hapajaota!” Halafu akamlisha konzi moja ya kuvumwani kutoka gunia lilelile.

“Shangazi, niuzie huyo. Meno yamemwisha.”

“Kwani yangu yapo?” Akafuta mkono kwenye sketi. “Yeye huja kufukua chakula papa hapa tangu kabla mashine za wakata miti hazijapakwangua. Nikikuuzia, nani mwingine atanishuhudia kwamba palikuwa peupe pe kwa kuvumwani?”

Máhtte akaikunja kamba aliyokuja nayo.