Aliyekalia Tundu la Jana

Jino la kwanza la Itale lilitolewa na baba yake, la pili na mumewe, na jicho la kushoto likatolewa na jiwe. Mwenyewe aliyataja hivyo hivyo, kwa mpangilio huo, na kati ya hao watatu aliloliheshimu ni jiwe peke yake, kwa sababu, alisema, jiwe lilikuwa limepigwa kwanza.

Kwa miaka kumi na tisa alikaa kitako juu ya gunia lililokunjwa, chini ya ukuta wa machimbo, akivunja matale, yale mawe magumu ya machimbo, kuwa kokoto. Mkono wa kushoto ulishika pete ya mpira iliyokatwa kwenye tairi, ili vipande visiruke. Wa kulia ulishika nyundo. Vipande viliruka vilevile. Wanawake kumi na mmoja walifanya kazi hiyo, na ungekusanya kucha zao zote zilizo nzima zisingetosha mikono miwili.

Jina lake alipewa papo hapo kazini. Siku moja mumewe alimfuata, akamchapa mkanda mgongoni mbele ya wenzake, kisa alichelewa kurudi nyumbani. Hakugeuka. Mkanda unashuka, nyundo inashuka, mpaka mume akaishiwa pumzi. Ndipo alipoinuka na nyundo yake mkononi akamuuliza, "Umemaliza?" Mume akaenda zake, na hakuonekana tena.

"Huyu si mtu, ni itale," alisema Mama Miwani, mkongwe wa wavunja kokoto wote. Jina likaganda.

Aliyewaeleza jiwe lenyewe ni nini alikuwa mpimaji wa miamba, kijana mpole aliyekuja na lenzi ndogo shingoni. Alisema wageni huliita graniti, na kwamba jina hilo limetoka kwenye neno la kale lenye maana ya punje. Akawaonyesha: punje nyeupe, punje za waridi, nyingine nyeusi zinazometa kama magamba ya samaki. Zote ziliiva pamoja chini kabisa ya ardhi, zikapoa polepole, zikashikana. Akaongeza kwamba wauzaji wa mjini huita graniti kila jiwe gumu linalong'arishwa, hata lisilo na undugu nalo.

"Kama ni punje, kalichemshe tule," alisema Mama Miwani, na wote wakacheka.

Itale hakucheka. Alikigeuza kipande mkononi, akakisogeza karibu na jicho lake zima. "Miaka yote hii nilidhani napiga kitu kimoja," alisema.

Walikuwa watatu kwao. Mama yao alipofariki, Itale alimbeba mdogo wake mgongoni huku akigonga mawe. Mtoto yule alilala kwa mlio wa nyundo kama wengine wanavyolala kwa kubembelezwa. Alipokua akawa mtoboaji wa mwamba, wakamwita Keke, kama chombo cha kutobolea. Kaka yao mkubwa naye alikuwa mtoboaji, na kaka huyo ndiye aliyekufa kwa tundu la jana.

Jambo lenyewe ni jepesi. Jiwe la itale ni gumu, na ncha ya mashine ya kutobolea huteleza juu yake kabla ya kushika. Baada ya mlipuko, chini ya ukuta hubaki vishina vya matundu ya jana, na ukiweka ncha humo inashika mara moja. Kila mtoboaji hutamani kufanya hivyo, na kila mtoboaji amekatazwa, maana chini ya kishina huweza kubaki baruti ambayo haikulipuka. Kaka yao aliharakishwa, akaweka ncha humo. Walimkusanya kwa karai. Itale ndiye aliyeokota mkono, akaujua kwa kovu la kidole gumba. Kampuni ilisema uzembe ni wa marehemu.

Tangu hapo wanawake walijiwekea desturi. Kila jioni, baruti zilipowashwa, walijificha nyuma ya lori bovu na kuhesabu milio, mmoja baada ya mwingine, kwa vidole.

Jumatatu moja yalijazwa matundu nane. Itale alihesabu milio saba. Akaenda kumwambia msimamizi mpya, waliyemwita Filimbi kwa ajili ya filimbi aliyopuliza kabla ya kila mlipuko.

"Mawili yamelia pamoja," Filimbi alijibu, akampa kisogo.

Asubuhi iliyofuata Filimbi alimsimamisha Keke mbele ya ukuta, kwenye ngazi ya juu ya machimbo. Mawe ya barabara yalitakiwa kabla ya Ijumaa, na ncha ilikuwa imeteleza mara tano. Akaonyesha kishina kwa kidole. "Anzia hapo."

Keke aliitazama ile ncha. Alikuwa na watoto pacha wa miezi minne. Akaisogeza kwenye kishina.

Itale aliona kutoka chini. Alipanda na nyundo yake, akakunja gauni, akakaa juu ya lile tundu.

"Dada, shuka," alisema Keke kwa sauti ya chini. "Unanitia aibu mbele ya watu."

"Nimekufuta kamasi kwa mkono huu. Aibu gani nyingine umebakiwa nayo?"

"Wee mama, hapa si sebuleni kwako," alisema Filimbi. "Inuka."

"Jana yamelia saba."

"Nane. Nimeshakwambia mawili yalilia pamoja."

"Pacha nawajua mimi, wako nyumbani kwa huyu. Jana yamelia saba."

Filimbi alimpiga teke la mbavu. Alipoona hainuki, akashika nywele zake na kuvuta. Shungi zima likabaki kiganjani mwake, na ngozi kidogo. Akachukua kipande cha mpira wa hewa wa mashine na kumshushia mgongoni, kichwani, mdomoni. Damu ilichirizika juu ya mwamba. Itale alijikunja tu, magoti kifuani, tundu likiwa chini yake. Kule chini nyundo zote zilinyamaza.

"Toboa," Filimbi alimwambia Keke akihema, "au vua kofia uende."

Keke alilaza mashine chini. "Sitoboi," alisema.

Basi Filimbi akamsukuma Itale kwa mguu mpaka akabingirika, akainyakua mashine mwenyewe. "Nitawaonyesha nyinyi waoga." Ncha ikaingia tunduni. Mashine ikaanza kunguruma.

Itale angeweza kumwacha. Alisema hivyo baadaye, bila kujificha: kwa kufumba na kufumbua alitamani kumwacha. Lakini Keke alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, na baruti haichagui. Alijiinua kwa magoti, akashusha nyundo kwenye mkono ulioshika mashine. Mfupa ulilia. Filimbi hakuachia, Itale akapiga tena. Mashine ikaanguka na kuzimika, na Filimbi akaanguka juu yake akilia kama mtoto.

Mlipuaji aliitwa. Akamwaga maji tunduni, akachokoa taratibu kwa kijiti, na mbele ya macho ya wote akatoa baruti iliyolowa pamoja na fataki yake ya kuilipulia, nzima, na utambi uliozimika katikati.

Aliyefungwa pingu ni Itale. Hakimu aliuliza kuhusu mkono uliovunjika, akauliza kuhusu nyundo, uzito wake na mpini wake. Kuhusu fataki hakuuliza, na mwanasheria wa kampuni hakumkumbusha. Mwanamke aliyemtoa mtu kwenye mdomo wa kifo alipewa miezi sita kwa kumjeruhi mtu huyo, na watu wazima waliosoma wakakusanya karatasi zao na kwenda kula.

Keke alimtembelea gerezani wiki ya tatu. Alitia sahihi kwenye daftari la wageni kwa mkono wake wa kulia, vidole vyote vitano vizima, na Itale alimtazama akiandika mpaka herufi ya mwisho.

"Wamenifukuza," Keke alisema. "Sasa nabeba saruji mjini. Mifuko inanichubua mabega, vumbi kifuani, na mke wangu kanuna. Umeniponza, dada. Kazi niliijua, watu walinijua, leo hii natumwa kama punda."

Itale alisogea mpaka paji la uso likagusa nondo.

"Lalamika," alisema. "Bado tuna dakika kumi. Endelea kulalamika."