Gunzi, nta na kagari kalikokuwa kanazima njiani nikimpeleka mdogo wangu kanisani

Wakuu, nawasalimu kutoka Shanwe, hapa Mpanda.

Nimesoma uzi wa mwenzetu ambaye gari lake linazima njiani, nikacheka mpaka mke wangu akauliza nina nini. Hili ninaloandika lilinikuta mwenyewe, na shahidi yupo hai. Mkibisha nampigia simu aje awasute humu humu.

Ni miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado Rukwa. Marehemu mzee alituachia kagari kadogo ka Kijapani, milango miwili, kazeeee. Mtaani wenye magari tulikuwa tunahesabika, kwa hiyo nilitembea kifua mbele.

Sasa mfuniko wa tangi la petroli ulishadondoka porini. Kupata spea Mpanda enzi zile? Thubutu! Tukafanya kama wenzetu: gunzi la mahindi, unaviringishia kitambaa, unakandamiza mdomoni mwa tangi, safari inaendelea.

Mvua zilipoanza, maji yakapenya kwenye petroli. Kagari kakawa kanakohoa. Tukamwaga tangi lote, tukalisafisha.

Hapo nikajiona mimi ndo mwenye akili. Mjomba wangu ni mrina asali, nta ipo tele. Nikaviringisha gunzi kwenye nailoni, nikalikandamiza, kisha nikapaka nta kuzunguka pale juu mpaka pakaziba kabisa. (Niliilainisha kwa viganja wakuu, sio kwa kiberiti. Msianze.)

Tone la mvua halipiti. Nikajisifu wiki nzima.

Ikaja Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Mdogo wangu Modesta anafunga ndoa kanisani mjini saa nne asubuhi. Alikuwa anaishi Kasekese kwa shangazi, ana kibanda chake cha mafuta ya kula. Mchumba wake ni Masanja, Msukuma wa Mwamkulu.

Kina Masanja walitaka kutuma lori lao. Mimi nikang'aka: "Mdogo wangu apande lori la ng'ombe siku ya harusi yake? Kagari kapo!"

Na padre alishasema wazi: atakayechelewa atasubiri mpaka Pasaka ipite.

Alfajiri tukaondoka Kasekese. Modesta mbele na gauni lake jeupe, miguuni kandambili. Shangazi nyuma na rozari.

Hatujafika mbali, engine ikaanza kusuasua. Pu, pu, pu. Kimya.

Geji ya mafuta ilikuwa imekufa, kwa hiyo nikatoa gunzi, nikachovya kijiti. Petroli ipo. Nikaziba tena na nta yangu, nikafungua boneti, nikasafisha plagi. Kakawaka!

"Plagi hizo," nikawaambia kwa mbwembwe.

Kilomita kama kumi, pu, pu, pu. Nikachovya kijiti, nikaziba, nikapiga msasa platini, zile zinazokatakata umeme wa plagi. Kakawaka! Kumbe platini.

Mara ya tatu, kijiti tena, nikaziba, nikasafisha cabureta. Kakawaka! Kumbe cabureta.

Kila mara najipongeza, na kila mara kanazima. Jua limeshapanda, shangazi kaacha kusali kaanza kunisema: "Lori ulilikataa la nini wewe?"

Mara ya nne ilikuwa saa tatu imepita. Wakuu, sifichi, nililia. Mwanaume mzima, mikono myeusi, nimeegemea boneti, nawaza nimemvunjia mdogo wangu harusi kwa sababu ya sifa zangu.

Modesta akashuka, kashika gauni asiliburuze kwenye tope.

"Kaka, boneti iache. Fungua tangi tu, halafu piga starter."

"We unajua nini kuhusu engine?"

"Engine siijui. Mafuta nayajua. Kopo la mafuta ukilitoboa tundu moja, yanatoka kidogo halafu yanagoma. Lazima utoboe la pili hewa iingie. Na kila ukitoa hilo gunzi nasikia fyuuu."

Nikavuta gunzi. Fyuuuuu!

Wallahi sauti ile nilikuwa naisikia tangu alfajiri. Nimeisikia mara tatu nzima na haijaniambia kitu!

Nikapiga starter, plagi sijagusa, cabureta sijagusa. Ikazunguka, ikazunguka, kakawaka!! Nikapiga yowe, shangazi akapiga vigelegele, hata kanisani hatujafika.

Kumbe wakuu mfuniko wa kiwandani ulikuwa na katundu ka hewa. Gunzi la kitambaa nalo lilikuwa linapitisha. Mimi na ujuaji wangu nililiziba tangi pumzi, petroli ikawa haitoki. Nilikuwa nakaponya kila nikichovya kijiti, halafu nakaua mwenyewe nikiziba.

Modesta akachomoa pini ndefu ya shela, akatoboa nta na nailoni pembeni ya gunzi, akaizungusha mpaka pakabaki tundu. Akapanda.

"Endesha."

Hakakuzima tena! Tuliingia kanisani padre anawapanga maharusi wa mwisho mlangoni. Masanja jasho linamtoka, akamnusa mchumba wake: "Mbona unanuka petroli?"

"Nilikuwa natengeneza gari."

Somo langu ni hili. Gari likizima halafu likawaka baada ya wewe kugusa vitu vitatu, usikisifu ulichogusa mwisho. Gusa kimoja, jaribu. Na anza na mfuniko wa tangi, ni bure. Na mtu akikwambia kitu, usimuulize kwanza anajua nini.

Haya, nyie mliomiliki vigari enzi hizo, matangi mlizibia nini? Mwageni yenu hapo chini, msinichekee peke yangu.

Ile pini haikurudi kichwani. Picha ya harusi ipo sebuleni kwa kina Masanja mpaka leo, na shela limelala upande mmoja. Wageni wakiuliza sababu, Modesta anacheka. Ananigeukia mimi.