Kona Niliyosimama

Mama yangu aliposikia naenda mashindano ya baiskeli ya steji tano, aliuliza kama tutakuwa tunabeba abiria. Usimcheke. Kwetu Kawangware, pale mtaa wa Kongo, steji ni mahali pa kungojea wateja, na mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa bodaboda, mwanamke peke yangu kati ya wanaume kumi na wawili. Nikamweleza kwamba huko kwa baiskeli steji ni safari ya siku moja. Siku tano, steji tano, na kila siku muda wako unaandikwa. Mwishowe wanajumlisha. Aliyetumia muda mfupi kuliko wote ndiye bingwa, hata kama hajashinda siku yoyote.

"Sasa wewe utashinda lini?" akauliza.

Nikamwambia sishindi, mimi ni wa kusaidia. Akaniangalia vile anavyoangalia nyanya zilizooza. Nilikasirika, lakini ndiyo ilikuwa kazi yangu. Timu yetu ilikuwa na wasichana wanne, na kapteni wetu alikuwa dada mmoja wa Gatwekera, kule Kibera, mwembamba, mkimya, miguu ya chuma. Ukiendesha nyuma ya mtu, karibu kabisa na gurudumu lake, upepo unampiga yeye na wewe unapumzika. Basi kwa miaka mitatu upepo ulinipiga mimi. Yeye alipumzika, na tukifika mlimani ananipita, anaenda zake kupigania muda. Sikuwa na wivu. Haki ya Mungu, nilimpenda yule dada kama wa tumbo moja.

Ile wiki alikuwa na kila kitu cha kupoteza. Kulikuwa na mzungu mmoja wa timu ya ng'ambo aliyekuja kututazama, na alisema wazi kwamba ana nafasi moja, ya bingwa, si ya namba mbili. Kapteni alikuwa akifua nguo za watu ili anunue tairi. Umri wake ulikuwa unasonga. Nafasi ilikuwa hii, nyingine hakuna.

Siku ya tatu mwenzetu mmoja alivunjika mkono. Siku ya nne mwingine alishikwa na homa. Kufikia asubuhi ya mwisho tulibaki wawili tu, kapteni kwa jezi ya njano ya anayeongoza, na mimi. Namba mbili alikuwa msichana wa timu nyingine mwenye jezi ya kijani, sekunde kumi na nne nyuma. Siku nne za kuteseka, na tofauti ni muda wa kufunga kamba za viatu!

Kocha alinivuta kando. "Leo wewe huna mashindano. Una mtu mmoja, huyo wa kijani. Akiruka, yaani akichomoka mbele ya kundi, unaruka naye. Mgande kama kupe. Usimkatie upepo, usimpe maji, usimpe hata salamu." Halafu akanikumbusha hesabu niliyoijua. Anayemaliza wa kwanza siku hiyo anapunguziwa sekunde kumi. Wanaofika pamoja kwa kundi wote wanaandikiwa muda mmoja. Kwa hivyo huyo wa kijani akishinda siku na kundi likawa limemshika mkia, kapteni bado ni bingwa. Hatari ni yeye kushinda na pia kuacha pengo.

Tuliendesha saa mbili bila mtu kujaribu kitu, na hilo ndilo lilinitia wasiwasi. Kila wa kijani akisogea, nasogea. Akinywa maji, naangalia mikono yake. Kapteni alikuwa nyuma yangu, na nilisikia pumzi zake, ndogo ndogo, za mtu mwenye hofu.

Tulipofika juu ya mteremko wa mwisho, wa kijani akaruka. Nikaruka naye. Tukashuka sisi wawili kama tumetupwa, macho yangu kwa tairi lake, kundi likabaki juu, kapteni akiwa ndani yake. Nilikuwa sawa kabisa. Nimemganda. Nilijua tukifika chini nitakaa tu hapo nyuma, nimchoshe, na nikishindana naye pale mwisho nina miguu isiyochoka.

Kona ya kushoto ilikuwa na mchanga. Gurudumu lake la nyuma likaenda, akaanguka kwa ubavu, akaburuzwa mpaka kwenye nyasi.

Nikasimama.

Sikufikiria. Watu waliniuliza baadaye nilikuwa nafikiria nini, na ukweli ni kwamba mkono ulishika breki wenyewe. Sisi watu wa boda tuna sheria moja tu tunayoiheshimu. Mwenzako akianguka, unasimama. Hata kama asubuhi mlishikana mashati juu ya mteja, unasimama. Mimi nimewahi kuokotwa hivyo, nikiwa nimelala kwa lami na pikipiki juu ya mguu.

Nikatupa baiskeli yangu mtaroni nikamwinua. "Uko sawa? Kichwa?" Akaitikia kwa kichwa, analia, anavuta baiskeli. Mnyororo ulikuwa umebanwa kati ya gia na fremu, na kila akiuvuta ulizidi kubana. Gari la mafundi lilikuwa limekwama nyuma ya kundi. Mimi mnyororo naujua gizani. Nikauchomoa, nikaurudisha, nikamkalisha, nikamsukuma mgongo kwa nguvu zangu zote, vile tunavyosukumana.

Kundi likapita wakati huohuo. Wa kijani akadandia mkia wake, akaenda nalo. Niligeuka kutoa baiskeli yangu mtaroni na usukani ulikuwa umepinda. Nikiunyoosha, nikamwona kapteni akiangalia nyuma, akinitafuta. Wueh! Hapo ndipo akili ilinirudia, nikakumbuka nimemwacha peke yake.

Nilifukuza peke yangu, upepo wote kifuani, nikijitukana kwa Kikamba. Sikuwafikia. Nilifika wakati watu wameshaanza kukunja bendera, na nikamwona kocha ameketi chini. Wa kijani alikuwa ametoroka kwenye kilomita ya mwisho. Kapteni hakuwa na mtu wa kumfuata kwa niaba yake. Wale wengine walitazamana tu, kila mmoja akingoja mwenzake afanye kazi. Wa kijani akashinda siku kwa sekunde tano. Tano na zile kumi za zawadi ni kumi na tano, na kapteni alikuwa mbele kwa kumi na nne.

Sekunde moja.

Yule mzungu alimpa wa kijani mkono. Kapteni alivua jezi ya njano, akaikunja vizuri, akapanda basi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Miezi miwili hakushika simu yangu. Nikaamua kwenda Gatwekera mwenyewe, na nilimkuta mlangoni na beseni, anasuuza mashuka ya watu. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Niliinama nikashika ncha moja ya shuka, tukakamua pamoja. Nikamwomba msamaha kwa ile nafasi, kwa ng'ambo, kwa kila kitu. Maji yakimwagika hayazoleki, nilijua, lakini nilisema.

"Nijibu kitu kimoja," akasema. "Ikirudiwa leo, utasimama?"

Uongo ulikuwa hapo mdomoni, rahisi, na ungetosha. Nilitaka kuusema. "Nitasimama," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi singesimama. Hata kama ni wewe ungekuwa chini."

Hakuwa na hasira. Alisema tu vile mambo yalivyo, akachukua shuka lingine. Nilipanda baiskeli nikaelekea Kawangware nikilia kwa sauti, na watu wa barabarani walidhani nimegongwa.