Vigingi Vyekundu vya Papa Adrien

Kila Jumamosi Papa Adrien Numbi aliniletea simu yake niichaji, na kila Jumamosi nilikuta bado imejaa. Mimi nina kibanda hapa mtaa wa Kikula, nyuma kidogo ya soko. Nachaji simu, nachapa barua za watu, natoa picha za vitambulisho, na umeme ukikatika paneli yangu juu ya bati inaendelea na kazi. Kwa hiyo simu nazijua. Simu inayopigiwa huja kwangu imekufa. Ile yake ndogo ya vitufe ilimaliza wiki bila kushuka kwa sababu hakuna aliyeipigia, na aliileta ili apate mtu wa kusalimiana naye. Nilikuwa naichomeka hivyo hivyo, namwuliza habari za nyumbani, huku nikijua nyumbani kwake hakuna mtu.

Usidhani mimi ni mpole. Mzee huyu amenichosha sana, na nitasema alivyonichosha.

Miaka mingi alifanya kazi mgodini, akiwabebea wapima ardhi miguu mitatu ya kusimamishia chombo cha kupimia na kuwapigilia vigingi. Huku kwetu mtu wa kazi hiyo huitwa géomètre, hata kama alikuwa mbebaji tu. Kazi ilipokwisha alirudi nyumbani na ile miguu mitatu ya mbao, kuukuu, ambayo hakuna aliyeitaka tena. Baadaye mke wake, mama Simone, akafariki. Binti yao Jaël yuko Kolwezi na humkumbuka Krismasi. Nyumba ina vyumba vitatu, na taa huwaka kimoja.

Mambo ya nyota yalianza na kamera. Mhandisi mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya alimwachia kamera yenye lensi ndefu. Mwingine angekwenda kupiga picha za harusi akapata hela ya chakula. Yeye akaielekeza juu. Alikata mbao mbili fupi, akaziunga kwa bawaba, akatia skrubu ndefu inayozungushwa na mota aliyoichomoa kwenye printa yangu iliyokufa. Chombo hicho kikawa kinaigeuza kamera polepole, sawa na mwendo wa nyota. Akakifunga juu ya miguu mitatu. Hapo kamera iliweza kukaa wazi dakika nzima ikikusanya mwanga bila nyota kuvutika kama uzi.

Alikuwa anatafuta galaksi moja tu. Aliniambia ni nyota mabilioni kwa mabilioni zilizokaa pamoja, mbali kiasi kwamba mwanga wake tunaoupata leo uliondoka kule kabla binadamu hajakuwepo. Kwa macho huioni. Kwa picha moja unaona vumbi. Lakini ukipiga picha mia na zaidi, ukazilaza moja juu ya nyingine nyota kwa nyota, kile kinachorudi kila mara hukolea, na uchafu uliopita mara moja hufutika. Picha mbovu programu huzitupa yenyewe. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Jumapili baada ya misa, kwenye kompyuta yangu, mpaka nimpigie kelele kwamba nataka kufunga.

Tena alikuwa anapiga picha kamera ikiwa imefunikwa.

“Papa, weye unakamataka foto ya kifuniko?” nilimwuliza.

“Ni ju ya kuona uchafu ya kamera yenyewe, mama Kadidja. Kisha ninaiondoa mu foto ya kweli.”

Nilicheka mpaka mteja akaogopa kuingia. Lakini kwenye kioo cha kompyuta kitu kilikuwa kinatokea kweli: doa la mviringo, jeupe kama tone la maziwa, na mshipi mweusi ukilikata katikati. Mshipi huo ndio uliomtesa. Alitaka kingo zake zionekane, na kwa hilo alihitaji picha nyingi zaidi, na giza zaidi.

Kikula haina giza. Umeme ukiwepo kuna taa, ukikosekana kuna jenereta. Kwa hiyo alitafuta kilima kitupu upande wa barabara ya Kambove. Chadrack, dereva wa pikipiki, alikuwa akimpeleka jua likizama na kumfuata baadaye. Na ili asihangaike kila jioni kuitafutia kamera upande wake upya, Papa Adrien alipigilia vigingi vitatu ardhini, kila mguu na chake. Akavipaka vichwa rangi nyekundu, kama alivyofundishwa mgodini, asije akavipoteza kwenye majani.

Hapo sasa. Kwingine watu wangeona vigingi vitatu tu. Huku kwetu kigingi chenye kichwa chekundu kina maana moja: kuna aliyepima, na chini kuna kitu. Na aliyepima ni nani? Ni mzee wa mgodini, anayepanda kilimani peke yake jioni, na chombo juu ya miguu mitatu, na akiulizwa anajibu kwamba anapiga picha mbinguni. Hata mimi ningechukua sepetu.

Ilikuwa Juni, ile baridi inayouma masikio. Jioni moja yeye na Chadrack walipofika juu walikuta kilima kimejaa wachimbaji. Maturubai yamefungwa, tochi za kichwani zinazunguka, jenereta inanguruma, na mama mmoja tayari anasonga bukari, ndiyo ugali wetu. Vigingi vilikuwa vimeng’olewa. Palipokuwa na vigingi palikuwa na mdomo wa shimo.

Chadrack anasema mzee alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Aliyemjibu ni Bertin, mwenye shimo. Wenzake walimwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, maana huku mwenye shimo ni PDG hata kama suruali yake imechanika matakoni.

“Papa géomètre, usikasirike. Tulikuwa tunakungojea.”

“Munangoa piketi yangu ju ya nini?”

“Ju kintu iko apa.”

“Kintu gani?”

“Weye njo unajua, papa.”

“Apa chini aiko kintu! Minye minakuyaka kukamata foto ya galaxie.”

“Na iyo galaxie iko mbali?” akauliza mmoja.

“Mbali sana.”

“Kupita Kolwezi?”

Kilima kizima kikacheka. Na katikati ya kicheko kile mtu akamletea mzee kiti.

Kiti hicho ndicho kilichommaliza. Tangu matanga ya mama Simone hakuna mtu aliyempa Papa Adrien kiti akamwambia kaa. Akakaa. Wakamletea bukari na samaki, wakamwuliza habari za migodi ya zamani, naye akawasimulia. Walipogusia madini alinyamaza, na wao wakaona anaficha, wakamheshimu zaidi. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Kila mara aliitega kamera kando ya moto wao akapiga picha kidogo, kwa mazoea tu, maana anga lote lilikuwa limegeuka rangi ya chungwa kwa ule moto na zile tochi. Kisha akakaa kuwasikiliza.

Jumamosi moja akaniletea simu imekufa kabisa. Niliibonyeza kila kitufe, kimya.

“Banapigaka sana,” akasema, anaona haya kama bwana harusi.

Nilifurahi. Nikakasirika pia, kwa sababu nilijua furaha ile imejengwa juu ya nini.

“Unabaambia kweli, papa?”

“Minabaambia siku ya kwanza.”

“Na sasa?”

“Sasa abaulizi tena.”

Nilimsema. Nilimwambia watu wanavunjika mgongo kwa ajili ya vigingi vya kamera. Alisikiliza akitazama chini, kisha akaanza kunieleza kwamba Bertin amemwalika ubatizo wa mtoto wake, na kwamba amempa shati la kuvaa. Nikamchomekea simu. Jumapili ile hakugusa kompyuta, na nilijikuta nimekaa kibandani bila mtu wa kumgombeza.

Shimo likazidi kushuka. Udongo wa pale ni mwekundu, mlegevu, na Papa Adrien alikuwa mtu wa mgodi. Aliona kwamba kuta zile hazitasimama. Aliwaambia watie magogo. Wakamjibu magogo yatanunuliwa shaba ikionekana, na wakamwongezea mboga.

Halafu jioni moja Bertin akatoka shimoni, akajipangusa uso, akachuchumaa mbele ya kile kiti. Chadrack alikuwepo, na mzee mwenyewe alinisimulia vilevile, kwa hiyo sitii chumvi.

“Papa, kesho tunaanza galerie, tunachimba kwenda pembeni. Minye mwenyewe njo nitaingia wa kwanza. Sema paka kweli, kweli tupu. Tuendelee ao tuache?”

Hata mama wa bukari aliacha kusonga, mwiko mkononi. Na Papa Adrien alielewa vizuri jibu lake litamgharimu nini. Akisema endeleeni, wanabaki: kiti kinabaki, simu inaendelea kulia, ubatizo upo. Akisema acheni, kilima kinarudi kuwa chake peke yake, na kile chumba kimoja chenye taa kinamngoja. Aliniambia alitamani sana mtu mwingine amjibie.

Akatia mkono ndani ya koti, akatoa picha niliyomchapia mwezi wa tano, ile isiyokamilika, yenye tone la maziwa na mshipi mweusi.

“Ni hii tu nilikuwa natafuta,” akasema. “Apa chini minye siyui kintu. Piketi ilikuwa ya miguu ya kamera. Na udongo hii itakufunika, Bertin. Muache.”

Safari hii hakuna aliyeuliza habari za Kolwezi. Bertin aliishika picha chini ya mwanga wa tochi yake.

“Na siku zote izi ulikaa na shiye ju ya nini? Ulikulaka na shiye.”

“Minye niko peke yangu mu nyumba,” akasema mzee.

Chadrack aliponieleza neno hilo alikuwa anaangalia pembeni, anachezea funguo za pikipiki.

Bertin alimrudishia picha. Hakumtukana, na angemtukana ingekuwa afadhali. Asubuhi yake maturubai yalikunjwa na wote wakahamia kilima kingine, mbele ya Kambove. Wiki iliyofuata shimo liliporomoka lenyewe, bila mtu ndani. Labda wale vijana walipata habari hiyo, labda hawakuipata. Hakuna aliyempigia.

Papa Adrien alikwenda akapigilia vigingi vipya hatua chache kutoka pale, safari hii bila rangi. Julai yote giza la kilima lilikuwa zuri, hakuna tochi, hakuna moshi wa kupikia, hakuna anayemwuliza kitu. Alipiga picha zote alizozihitaji. Akarudi kibandani kwangu Jumapili, akakaa kwenye kompyuta kama zamani, akaiacha programu itupe mbovu, akazilaza nzuri, akaondoa uchafu wa kamera, mpaka jioni mshipi ule mweusi ukatoka na kingo zake zote, zimechanikachanika, na nyota ndogo zinaonekana ndani yake. Mimi si mtu wa kusifu. Lakini niliacha wateja mlangoni nikasogea.

“Ni muzuri, papa. Kweli ni muzuri.”

“Eee,” akasema. “Kazi inaisha.”

Nikatia karatasi nzuri kwenye printa, ile ninayoiweka kwa ajili ya harusi. Akanizuia mkono. Akafungua picha nyingine, zile za Juni ambazo programu ilizitupa. Zilikuwa ovyo: rangi ya chungwa kona hadi kona, nyota mbili tatu zinazama, galaksi haipo kabisa. Akazipitia moja moja, akasimama kwenye moja ambayo moshi ulikuwa umekatiza chini.

“Unichapie hii.”

“Papa, hii imeharibika.”

“Minajua. Hii njo saa Bertin alikuwa anaeleza habari ya mama-mukwe yake. Bote banacheka. Na minye ninacheka.”

Nikachapa. Kisha nikageuka kupangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Aliishika kwa kingo mpaka wino ukakauka, akauliza rangi itadumu kiasi gani. Nikamwambia asiitundike penye jua. Akachukua simu yake, niliyoichomeka tangu jana bure, akaitazama kama kuna aliyemtafuta, akaitia mfukoni, akaaga.

Namba yake ninayo tangu zamani, imeandikwa ukutani pamoja na za wateja wengine, na sikuwahi kuipiga. Alipokata kona ya soko niliipiga. Haikulia hata mara mbili.

“Allô?” akaitika haraka. “Bertin?”

Nikamwambia hapana, ni mama Kadidja, nilidhani amesahau kifuniko cha kamera. Alisema kiko mfukoni, na hakukata simu.