Bibi Arusi Juu ya Lori

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwapita wale mama wanaouza mafuta ya gari kwa chupa pale Kamanyola, na naona haya kulisema, maana yote yaliyofuata yalitoka hapo, mpaka dada yangu kuingia Uvira kama gunia la mihogo.

Gari nililinunua pamoja na garanti ya kuongeza, yaani ile ya kwanza ikiisha garaji inaendelea kutengeneza motere, ile injini yenyewe, na gari likikufa njiani wanakuja na lori kulibeba bure. Mkataba ule niliusoma mpaka nikauota (Kifaransa nimejifunza mwenyewe kwa kamusi, kwa hiyo kila neno naliogopa mara mbili). Ulitaka mafuta safi ya stesheni, na fundi wa nje asiguse motere. Basi siku ya kumpeleka dada yangu Neema kanisani kuolewa, padri akiwa ametuonya kwamba mchana ana safari, niliuona mshale wa mafuta uko chini, nikaziona zile chupa zinang'aa juani kama asali, nikasema moyoni hapana, tutafika stesheni ya Uvira.

Karibu na njia ya Mutarule gari likakohoa, likanyamaza. Mpunga uliyumba pande zote, upepo ukavuta shela ya Neema nje ya dirisha, na kwa kitambo nilihisi tumeingia ndani ya picha nzuri isiyo na haraka, mpaka Tanti Furaha, shangazi yetu aliyekaa nyuma na keki magotini, akaniamsha.

"Weye Bahati, mafuta iko?"

"Tanti, hii ni motere. Niko na garanti."

"Na hiyo garanti inakunywa nini?"

Mtu wa pikipiki alisimama akitaka kufungua kifuniko cha motere atazame, nikamzuia kwa mikono miwili kama golikipa, nikapigia garaji simu.

"Yaya," Neema alisema polepole, kama anavyoniita mimi mkubwa wake, "padri akienda zake, minye nitaolewa na garanti yako?"

Lori lilikuja kweli. Dereva alitaka tushuke, lakini kulikuwa na tope na Neema akashika gauni lake: "Minye sishuke." Basi tukapandishwa na gari letu, sote ndani, keki pia. Na huko juu (nisamehewe) nilisahau aibu. Tulikwenda bila sauti ya motere, milima upande mmoja, shela ikielea nyuma yetu, watoto wakikimbia na kupiga vigelegele, halafu baada ya Kiliba ziwa likafunguka, la fedha, na Neema akacheka peke yake kama mtu anayeota.

Mbele ya kanisa, wakwe wote wakitazama, dereva alitushusha, akachungulia mshale, akamimina mafuta kutoka kwenye kidumu chake, akawasha. Motere ikanguruma mara moja, nzima kabisa.

"Mumeona?" Tanti akapaza sauti. "Garanti ilikuwa na kiu!"

Walicheka mpaka bwana arusi akashika ukuta. Padri alikuwa ameshavua mavazi ya misa. Akayavaa tena, mabega yakimtikisika kwa kicheko, akawafungisha ndoa.

Mkataba ninao bado, na kila ulichoahidi ulitimiza. Ila sasa nikipita Kamanyola nasimama kwa wale mama, nachuja mafuta kwa kitambaa, na mtu akiniuliza kama mafuta iko, naangalia kwanza, halafu ndipo najibu.