Nilimrekodi Binti Yangu Dirishani, na Jumapili Kanisa Zima Litaona

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, mjane, nakaa Sekei hapa Arusha, nauza mtindi na ndizi ninazoletewa kutoka kwetu mlimani. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini Mungu alinipa watoto wanne, na huyu wa mwisho, nitamwita Upendo, akampa na sauti. Jamani, sisemi kwa sababu ni wangu. Mngemsikia! Akiwa na miaka sita aliimba kanisani siku ya Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, kinamama wakafuta macho kwa khanga, mchungaji akasahau zamu ya nani inafuata. Tangu siku ile mimi siitwi tena kwa jina la mtoto wangu mkubwa. Naitwa Mama Upendo, na ninaitika kwa nguvu.

Basi nikamsimamia. Mgeni akija nyumbani, kabla hata ya chai, "Upendo, hebu waimbie shangazi zako kidogo." Alipoingia kwaya kuu nikahamia benchi la mbele, simu juu, narekodi. Kabla ya neno la baraka video iko kwenye status tayari.

Mwaka jana, ana miaka ishirini na mbili, tunamenya ndizi, akaniambia, "Mama, nataka kupumzika kwaya."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nikisimama pale siombi tena, mama. Naangalia simu yako iko wapi."

Nikacheka. Nikamwambia, "Basi usiangalie." Nikajua ni utoto, utapita.

Ikaja Jumapili ya kipaimara, mkuu wa jimbo letu la kanisa anakuja. Nikaenda kwa mwalimu wa kwaya mwenyewe, nikamwambia Upendo ataongoza wimbo wa mgeni. Akaniuliza, "Mama Upendo, yeye amekubali?" Nikamjibu, "Mwalimu, huyo nimemzaa mimi."

Jina lake likasomwa. Akasimama, kwa sababu kukataa mbele ya mkuu wa jimbo asingeweza. Kinanda kikapiga utangulizi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwanangu mdomo umefungwa, ananiangalia mimi. Mimi nimeinua simu. Mwisho mzee mmoja wa kanisa akauanzisha wimbo kutoka pale alipokaa, na sauti yake mnisamehe, ni kama ya mbuzi, watu wakamsaidia. Upendo akatoka mlango wa pembeni. Jioni akafunga begi akahamia Lemara kwa mdogo wangu. Mlangoni akaniambia, "Nilikuwa namwimbia Mungu, mama. Umefanya nikuimbie wewe."

Miezi minane sikumsikia akiimba hata wimbo wa kufulia. Kanisani watu wananiuliza, nasema yuko masomoni.

Sasa wiki iliyopita mdogo wangu neno likamponyoka, kwamba kila Jumamosi mchana Upendo anakwenda Ngarenaro kwa bibi mmoja aliyepooza. Anamwogesha, anambadilisha shuka, na anamwimbia. Jumamosi ilipofika nikavaa viatu nikaenda.

Chumba kiko nyuma ya karakana ya mageti. Fundi mmoja akanisalimia, "Shikamoo mama. Unamtafuta dada wa bibi? Subiri tu, akianza kuimba tunazima mashine."

"Mnazima?"

"Hata bosi hasemi kitu."

Na kweli, wakazima. Nikasogea dirishani. Alikuwa anaimba ule wimbo wa sifa wa Kimeru niliokuwa namwimbia mwenyewe akiwa mgongoni, nikichuma kahawa. Hakuna maiki, hakuna kinanda. Pole pole. Akimaliza mstari anasubiri, yule bibi asogeze midomo, ndipo anaendelea. Nilipaswa kulia na kuondoka. Mkono wangu ulikuwa umeshatoa simu.

Jioni ile nikaituma video kwenye grupu la kwaya. Nikaandika, "Mtoto wangu hajapotea, bado anaimba!" Amina zikamiminika. Mwalimu akanipigia kwamba mchungaji ameguswa, Jumapili hii inayokuja anafundisha habari ya kuwahudumia wagonjwa, wataionyesha kwenye skrini kubwa. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, majirani wakasikia.

Jumatatu akanipigia mdogo wangu. "Dada, wewe umeiangalia hiyo video?"

"Zaidi ya mara thelathini!"

"Umemwona yule bibi?"

Nikaifungua tena. Bibi wa watu yuko kitandani, kichwa wazi, gauni la kulalia limeteleza begani, mate yanamtoka. Mwanamke wa heshima, mkubwa kuliko mama yangu. Mara thelathini nilikuwa nimeangalia, na sikuwa nimemwona. Nilimwona wa kwangu tu.

Nimeifuta kwenye grupu, lakini imeshaingia kwenye simu za watu. Upendo hajui, alitoka kwenye magrupu yote. Leo Alhamisi. Nikimwendea mchungaji, itabidi niseme nilijificha dirishani, na kwamba hayo masomo niliyokuwa nayataja hayapo. Nikimwambia Upendo, naogopa atanyamaza hata kwa yule bibi, na itakuwa nimemnyang'anya mgonjwa kitu pekee kinachomsogeza midomo. Nikikaa kimya, atasikia kwa watu, na hapo nimempoteza.

Na niwaambie lile linalonitisha zaidi. Kuna sehemu ndani yangu inataka Jumapili ifike. Inataka kukaa benchi la mbele isikie watu wakisema amina. Nimeiombea, haijatoka.

Kinamama wenzangu, na nyie watoto mliowahi kuhama kwa mama zenu, semeni nami bila kunionea aibu. Nianze kwa mchungaji, kwa mwanangu, au nikapige magoti Ngarenaro kwa bibi asiyeweza hata kunijibu nimekusamehe?

Na mtakaoniomba video, sitamtumia mtu. Ingawa, jamani, mngemsikia.