Panya Wenye Mikia ya Rangi

Bibi Rangi hakuwa mtu wa kuamrishwa. Kwa miaka arobaini alikuwa amepanda ngazi na kopo la rangi mkononi, akiandika majina ya maduka ya watu, na mteja aliyethubutu kumfundisha namna ya kushika brashi alikabidhiwa brashi yenyewe aendelee. Sasa magoti yalikuwa yamegoma. Aliishi na mkwe wake, mjane wa mwanawe, katika vyumba viwili vya nyuma, na kilichomtoa kitandani kila asubuhi kilikuwa bustani: matuta sita ya mboga, mipapai miwili, na nyanya alizozifunga kwenye fito moja moja kwa mikono yake.

Jumatatu hiyo mwenye nyumba alimkuta akipalilia. Wapangaji walimwita Mzee Funguo, yeye asiposikia, kwa sababu ya lundo la funguo lililomtangulia kwa kelele kila alikokwenda. Alimpa bibi shikamoo ya haraka haraka, kisha akatoa ya moyoni. Wapangaji wamechoshwa na panya, panya wanatoka bustanini, na ikifika Jumamosi bado wapo, atamwaga zege pale pote pawe mahali pa kuegesha magari. Ili asionekane hana utu, akamwekea pakiti ya sumu juu ya kigoda.

Bibi Rangi aliiokota kwa ncha za vidole, akamtumbukizia mwenye nyumba katika mfuko wa shati lake.

"Sumu haiingii humu," alisema. "Ukitaka waondoke, nitawaondoa. Kuwatesa, sikubali."

Hakuwa anajitia wema. Zamani, kwenye nyumba nyingine, yeye mwenyewe aliwahi kutega sumu ya namna hiyo. Siku ya tatu, jua la mchana likiwaka, panya mmoja alitoka akipepesuka, akapita karibu na miguu yake kama vile hamwoni, akaenda kwenye beseni la kuoshea brashi. Akanywa. Akanywa tena. Damu ilikuwa inamtoka puani. Alifia pale pale, vidole vyake vidogo vimeshika ukingo wa beseni. Panya tu, watu walimwambia, na hata leo wapo wanaosema panya tu. Hao hawajapata kusimama wakatazama. Bibi Rangi alilitupa lile beseni, akajiapiza.

Jumanne alianza na makosa yake mwenyewe. Aliokota mapapai yote yaliyoanguka, akahamisha lundo la maganda kwenye pipa lenye mfuniko, na mkwe wake aliporudi kutoka kazini kwake kwa dobi wakaziba matundu ya jikoni kwa waya na saruji. Tundu la mwisho lilipozibwa, mkwe akasema.

"Mama, tungeweka nusu pakiti tu. Hakuna atakayejua, na bustani tunabaki nayo."

Na kweli Bibi Rangi alishawishika. Alizitazama nyanya zake zinazoanza kuiva, akaona gari la mtu limesimama juu yake. Bustani ile ndiyo iliyomfanya ajione bado ana kazi duniani. Lakini akajibu kwamba yeye atajua.

Jumatano jioni panya walipita tena, wanene, hawana hata haraka. Hapo Bibi Rangi akajiuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: kama kwangu hakuna chakula tena, hawa wanakula wapi? Akatoa mtego wake wa waya, ule unaomnasa mnyama mzima bila kumwumiza. Alfajiri ya Alhamisi akakuta wawili, Ijumaa wawili wengine. Kila mkia uliochomoza kwenye waya aliupaka mstari wa rangi ya maji isiyochoma ngozi: mwekundu, wa njano, wa buluu, mweupe. Kisha akafungua mtego palepale bustanini.

Kinyozi wa chumba cha mbele alimwona, na kabla chai haijachemka akawa ametangaza nyumba nzima kwamba bibi sasa anawapamba panya. Wengine walicheka, wengine wakasikitika, wakisema uzee umempata. Yeye aliwapa kisogo, kwa kuwa alikuwa anatazama panya wanakimbilia wapi. Mwekundu, wa njano na wa buluu walipitia tundu moja chini ya ukuta, na nyuma ya ukuta ule ilikuwa stoo ya chakula cha kuku wa Mzee Funguo. Bibi Rangi nusura apige vigelegele.

Lakini yule mweupe alikata kona. Alikwenda moja kwa moja kwenye rundo la mbao zilizoegemea chumba cha Bibi Rangi mwenyewe, mabango ya kwanza aliyoyaandika alipokuwa bado anajifunza, ya maduka yaliyofungwa siku nyingi. Mkwe alimsihi mara ngapi ayatoe, akakataa. Aliinua ubao mmoja taratibu. Kwenye matambara ya brashi walilala watoto sita, wekundu, hawana hata unyoya. Aliurudisha ubao mahali pake, aibu ikamshika, na siku nzima hakumwambia mtu.

Jumamosi Mzee Funguo alikuja na vibarua wawili, majembe na mifuko ya saruji. Wapangaji wote walitoka kutazama. Bibi Rangi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya tuta la kwanza, kopo la rangi miguuni. Aliamkiwa, akaitikia marahaba yake bila haraka.

"Panya wamekwisha?"

"Bado. Ila nimepajua kwao," alisema. Akaeleza ile mistari, wote wakisikia. "Mmoja ni wangu. Amezaa kwenye mbao zangu. Wale watoto wakishaweza kujitegemea, mbao zote nazitoa, haibaki hata moja. Watatu ni wako."

Mzee Funguo alicheka, akasema panya hana mwenyewe. Bibi akamwomba afungue stoo. Mtu mwenye funguo zote zile ghafla akawa haujui ufunguo, mpaka kinyozi alipomwonyesha kwa upole kwamba ni ule wa shaba.

Mlango ulipofunguka, magunia yalikuwa wazi, yametobolewa chini, chakula kimemwagika sakafuni. Panya walitawanyika. Mkia mwekundu ulipita, wa njano ukafuata, na wa buluu ulichelewa kidogo kama mtu anayemalizia sahani yake. Kicheko kilianzia kwa kinyozi kikaenea kwa wote, vibarua pia.

Mzee Funguo aliona haya, na haya zikageuka hasira. Akatia mkono mfukoni. Shati lilikuwa lile lile, na pakiti ilikuwa ile ile.

"Basi nawamaliza humu humu. Hii ni stoo yangu."

Bibi Rangi aliinuka, magoti yakalia, akaenda kusimama mlangoni.

"Hata humu haiingii," alisema. "Kuku wako wanadonoa sakafu hii, na mayai yao tunakula sisi. Na hawa hawakukukosea kitu. Umewatandikia meza, wamekuja. Ondoa meza."

"Nitaiondoaje?"

"Una mapipa matatu nje yanakinga mvua, na mifuniko yake mnaikalia. Hiyo saruji yako itaziba tundu la ukuta, wakishahama."

Mzee Funguo alitazama vibarua wake. Walikuwa wameshaweka majembe chini, mmoja anabingirisha pipa.

Mchana ule chakula chote kiliingia mapipani, na habari ya zege bustanini haikutajwa tena. Bibi Rangi akaomba aletewe kigoda, akachovya brashi, na juu ya kila pipa akaandika kwa rangi nyekundu: FUNIKA. Mzee Funguo, aliyekuwa amesimama nyuma yake akitafuta neno la kusema, akasema herufi ni kubwa mno.

Bibi Rangi akageuka, akamnyooshea brashi aendelee.

Hakuipokea.